Mwanamke Mtu Mzima Aliyeota Ndevu: Baina ya Kitabu cha Tabibu na Kitabu cha Fakihi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Liko swali ambalo maimamu wetu huulizwa kwa kunong'ona, na mara nyingi muulizaji si mwenyewe bali ni binti yake au mkwewe. Mama mtu mzima, aliyezaa na kukoma hedhi zamani, ameota ndevu. Je, anaruhusiwa kuziondoa? Jibu linalotolewa haraka huwa ni moja kati ya mawili. Yupo anayemsomea hadithi ya kulaaniwa wanaonyonyoa nyusi, kisha akamwambia asubiri. Na yupo anayesema aziondoe, hapana ubaya, na maneno yakaishia hapo. Tukiifuata historia ya mas-ala haya tutaona kuwa jibu la pili ndilo lenye nguvu katika fiqhi. Hata hivyo majibu yote mawili yana upungufu mmoja, nao ni kwamba hakuna aliyeuliza ndevu hizo zimeanza lini.

Habari ya kale tuliyo nayo kuhusu jambo hili inatoka kwa Wayunani. Katika kitabu cha sita cha mkusanyiko uitwao Epidemia, unaonasibishwa na Hippocrates (ambaye Waarabu humwita Abuqrat), imetajwa habari ya mwanamke wa mji wa Abdera jina lake Phaethousa, mke wa Pytheas. Alikuwa amezaa hapo kabla. Mumewe alipokwenda uhamishoni, hedhi yake ilikatika kwa muda mrefu, kisha viungo vikauma na kuwa vyekundu, mwili ukawa kama wa kiume, nywele zikamuota mwili mzima, akaota ndevu na sauti ikawa nzito ya kukwaruza. Matabibu walijitahidi kila njia kuirejesha hedhi yake wakashindwa, na baada ya muda si mrefu akafa. Mwandishi anaongeza kuwa yaliyompata huyo yalimpata pia Nanno, mke wa Gorgippus, katika kisiwa cha Thasos.

Wengi wamezisoma habari hizi kama ajabu. Sisi tunaona ziandikwe kama zilivyo, kuwa ni taarifa za wagonjwa wawili. Tabibu wa zamani hakusema kuwa Phaethousa amegeuka mwanamume. Alimwita mke wa fulani mpaka mwisho, akataja dalili kwa mpangilio wake, akataja matibabu yaliyojaribiwa na kwamba mgonjwa alikufa. Aina ya maradhi yake haiwezi kuthibitishwa leo, lakini madaktari wa zama zetu wanaosoma habari hiyo hufikiria uvimbe unaozalisha homoni, ama katika ovari ama katika tezi zilizo juu ya figo. Kwa nini hufikiria hivyo, tutakuja kueleza.

Kitabu hicho hakikubaki kwa Wayunani peke yao. Galen (Jalinus) alikiandikia sherehe ndefu, na Hunayn bin Ishaq, mfasiri mkubwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 260 Hijria (873 Miladia), akaifasiri sherehe hiyo kwa Kiarabu. Sehemu za mwisho za sherehe ya kitabu cha sita zilipotea katika lugha yake ya asili, na zilizotufikia ni zile za Kiarabu. Kwa hiyo mtu wa Ulaya anayetaka kujua Jalinus alisema nini katika kurasa hizo, hana budi kupita kwa Hunayn. Ni jambo la kukumbukwa na wale wanaodhani kuwa Waislamu walikuwa wachukuzi tu wa elimu hiyo.

Basi katika Baghdad ya karne ya tatu Hijria, habari za maradhi ya namna hii zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwa Kiarabu katika vitabu vya matabibu. Na katika Baghdad hiyo hiyo akaishi Imamu Ibn Jarir at-Tabari, mwanatafsiri na mwanahistoria mashuhuri, aliyefariki mwaka 310 Hijria (923 Miladia). Yeye alikuwa na kauli kali katika mas-ala yetu. Alisema kuwa haijuzu kwa mwanamke kunyoa ndevu zake, wala masharubu, wala nywele za chini ya mdomo, wala kubadilisha chochote katika umbile lake kwa kuongeza au kupunguza. Dalili yake ni hadithi ya Abdullahi bin Mas'ud (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayowalaani wanaochanja mwili, wanaonyonyoa nywele za uso na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wenye kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo Tabari mwenyewe alitoa nafasi. Kinachomletea mtu madhara au maumivu, kama jino la ziada linalomzuia kula au kidole cha ziada kinachomuuma, hicho kinaruhusiwa kuondolewa. Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 Hijria, 1449 Miladia) ameinukuu kauli hii pamoja na nafasi hiyo katika Fat-hul Bari. Wanaoitumia kauli ya Tabari kuwafungia mlango kina mama hawana desturi ya kuisoma mpaka mwisho.

Karne tatu na nusu baadaye akaja Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), akasimama upande mwingine. Katika sherehe yake ya Sahihi Muslim alieleza kuwa kunyonyoa nywele za uso ni haramu, isipokuwa mwanamke akiota ndevu au masharubu. Hapo si haramu kuziondoa, bali ni jambo lililopendekezwa katika madhehebu ya Shafii. Akaitaja kauli ya Ibn Jarir kisha akaiacha. Na mahali hapo hapo akafungua jambo lenye faida kubwa zaidi: neno "kwa ajili ya uzuri" lililomo katika hadithi linaonesha kuwa kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kwa kutafuta urembo, ama kinachohitajika kwa matibabu au kwa ajili ya kasoro, hakina ubaya.

Maneno haya yanatiwa nguvu na riwaya ya Ibn Abbas (R.A.) katika Sunan ya Abu Daud, ambapo baada ya kutajwa wanaolaaniwa pamewekwa sharti la kuwa wamefanya hivyo bila ya ugonjwa. Ugonjwa, basi, umetolewa nje ya laana kwa maneno ya wazi. Wanazuoni wa madhehebu mengine hawakuwa mbali na hapo. Ibn Abidin wa Damascus (1252 Hijria, 1836 Miladia) katika madhehebu ya Hanafi amenukuu kuwa mwanamke akiota ndevu au masharubu si haramu kuziondoa bali inapendeza, na An-Nafrawi wa madhehebu ya Maliki ameona kuwa ni wajibu.

Lakini Nawawi anatufundisha jambo jingine, na hili liko katika mlango wa udhu. Kila mwanafunzi aliyepitia vitabu vya Kishafii vinavyosomeshwa katika pwani yetu, tangu Lamu hadi Unguja, anajua kuwa mwanamume mwenye ndevu nzito huosha juu yake tu. Ama mwanamke aliyeota ndevu, yeye hulazimika kuyafikisha maji mpaka kwenye ngozi hata zikiwa nzito. Sababu waliyoitaja mafakihi ni kuwa ndevu kwa mwanamke ni nadra. Takhfifu amepewa mwanamume kwa sababu ndevu nzito kwake ni jambo la kawaida na kuzipenyeza maji kila udhu kuna mashaka. Kisicho cha kawaida kikabaki katika asili yake. Wanafunzi wengi hulisoma hili kama kifungu cha kukariri kwa ajili ya mtihani. Lakini neno "nadra" ni neno ambalo tabibu naye hulitegemea. Jambo lililo nadra katika mwili linapotokea, linataka sababu. Fakihi amejenga hukumu juu ya unadra huo, na tabibu anajenga uchunguzi juu ya unadra huo huo.

Inasikitisha kidogo kuwa wawili hawa hawakukaa pamoja zaidi. Imamu Nawawi mwenyewe, kama alivyosimulia mwanafunzi wake Ibn al-Attar, aliwahi kununua Qanun ya Ibn Sina akakusudia kusoma utabibu. Moyo wake ukaingia giza, akakaa siku kadhaa hawezi kusoma lolote, mpaka akakiuza kitabu. Hatumlaumu, kila mtu na alichofunguliwa, na alichofunguliwa Nawawi kinatutosha. Lakini katika zama hizo hizo alikuwepo Ibn an-Nafis (687 Hijria, 1288 Miladia), aliyesoma Damascus akaishi Cairo, ambaye alisomesha fiqhi ya Shafii na huku ni mkubwa wa matabibu. Watu wanamjua kwa kueleza njia ya damu kupita mapafuni. Wachache wanajua kuwa aliandika pia sherehe ya kile kitabu cha Epidemia, chenye habari ya Phaethousa. Fakihi wa Kishafii kuisoma Epidemia kwa makini kiasi cha kuiandikia sherehe halikuwa jambo la aibu katika Cairo ya karne ya saba.

Hapa lazima tugusie mlango wa huntha, maana huko ndiko baadhi ya watu humpeleka mwanamke huyu. Mafakihi walijadili mtu ambaye tangu kuzaliwa ana viungo vyenye kutatiza, je ndevu zake anapobaleghe ni dalili ya uanaume? Wahanafi, kama ilivyo katika Al-Hidaya ya Marghinani (593 Hijria, 1197 Miladia), walisema ndiyo. Kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafii ni kuwa ndevu si dalili, kwa sababu wapo wanawake wanaoota ndevu. Na wakasema kuwa kuzaa ni dalili ya kukata, inayotangulia dalili nyingine zote. Sasa mwanamke aliyezaa hana nafasi katika mlango huu hata kidogo. Uanamke wake ni yakini, na yakini haiondolewi na shaka. Nafasi yake katika safu, eda yake, mirathi yake, sitara yake, wanaomuosha akifa, yote yamebaki kama yalivyokuwa kabla ya unywele wa kwanza kuota.

Huko Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1631 mchoraji Jusepe de Ribera alimchora mjini Naples mwanamke aitwaye Magdalena Ventura, kwa amri ya mtawala wa Kihispania wa mji huo. Maandishi yaliyomo ndani ya picha yanasema kuwa alikuwa na umri wa miaka 52, kuwa ndevu zilianza kumuota akiwa na miaka 37, na kuwa alikuwa amemzalia mumewe watoto. Amechorwa na ndevu ndefu nyeusi, kifua wazi, anamnyonyesha mtoto, na mumewe amesimama nyuma yake kizani. Maandishi yanamwita muujiza mkubwa wa maumbile. Ukiyasoma kwa jicho la tabibu, muujiza huo unabaki kuwa historia ya mgonjwa: alizaa, kisha katika utu uzima kitu kikabadilika. Alihitaji mganga, akaletewa mchoraji.

Wala tusiwacheke. Kwetu nchini Tanzania, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo aghlabu ni kazi ya moshi wa kuni na samadi waliyopikia miaka arubaini. Jamii inayousoma uchawi katika macho haishindwi kuusoma katika ndevu na sauti nzito. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kina mama hawa kujificha.

Turudi kwenye elimu ya maradhi. Mwaka 1850 Mjerumani Franz Leydig alizieleza seli zilizomo katika korodani, ambazo baadaye zilijulikana kuwa ndizo zinazotengeneza homoni ya kiume. Mwaka 1922 Louis Berger alionesha kuwa seli za namna hiyo zimo pia katika ovari, kwenye sehemu inakoingia mishipa ya damu. Mwaka 1935 homoni yenyewe, testosteroni, ilipatikana ikiwa safi na kisha kutengenezwa maabara, na kazi hiyo ikawapatia Butenandt na Ruzicka tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939. Kuipima katika damu ya mwanamke, ambamo imo kwa kiasi kidogo mno, kulikuja baadaye, kutokana na njia ya vipimo iliyovumbuliwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson, ambayo Yalow alitunukiwa Nobel mwaka 1977.

Kutokana na hayo tumejua kuwa ovari ya mwanamke, hata mzima, hutoa homoni ya kiume kidogo, na haiachi mara moja hedhi inapokoma. Homoni ya kike ndiyo inayoshuka sana. Kwa ajili hiyo bibi mwenye nywele chache kidevuni, zilizokuja polepole kwa miaka mingi, hana ugonjwa. Huo ni uzee, na hukumu ya Nawawi inamtosha. Mwingine huwa na ovari ambazo tishu zake za ndani zimenenepa na kutoa homoni hiyo kwa wingi bila ya uvimbe wowote. Hali hii ndiyo inayoonekana zaidi kwa waliokoma hedhi, nayo pia huja taratibu.

Uvimbe ni jambo la tatu, na ni nadra kuliko yote. Upo unaotokana na seli za Leydig, ambao huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Kwa kawaida ni mdogo, mara nyingi chini ya sentimita 3, na karibu daima si saratani. Upo wa seli za Sertoli na Leydig kwa pamoja, unaowapata zaidi walio vijana. Na upo wa seli za steroidi, ambao sehemu yake isiyo ndogo huwa saratani. Tezi zilizo juu ya figo nazo zaweza kuota uvimbe wa namna hii. Alama inayoutenga uvimbe na uzee ni mwendo wake. Katika miezi, si katika miaka, ndevu huwa nyingi na ngumu, nywele za utosini na pembeni mwa kichwa hupungua kama za mwanamume, sauti huwa nzito, misuli huongezeka, na kiungo cha siri cha juu hukua. Kwa mwanamke kijana kukatika kwa hedhi ndiko kunakomshtua, kama ilivyokuwa kwa Phaethousa. Aliyekoma hedhi hana kengele hiyo, na hapo ndipo anapopotea: kila anachokiona anaambiwa ni utu uzima.

Na hapa ndipo hadithi ya Usama bin Sharik (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, inapotuhusu zaidi ya tunavyoizoea. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kujitibu, akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu, nao ni ukongwe. Sisi huisoma hadithi hii kwa kuhimiza dawa. Lakini ndani yake mna mpaka kati ya ukongwe na ugonjwa, na anayeuita ugonjwa ukongwe amemtoa mgonjwa katika amri ya kujitibu bila ya haki. Imamu anayemwambia mama wa miaka 65 mwenye ndevu za miezi minne, "ni uzee, subiri", amefanya hivyo hasa. Na anayemwambia "ziondoe tu, imeruhusiwa", amempa ruhusa sahihi iliyomfunika dalili usoni huku sababu yake ikiendelea tumboni.

Hatumtaki imamu awe daktari. Maswali matatu yanamtosha: zimeanza lini, zinaongezeka kwa kasi gani, na je, sauti imebadilika? Majibu yakiashiria mwendo wa haraka, ampeleke hospitali kabla ya kufungua kitabu. Huko atapimwa damu. Madaktari wengi hushtuka testosteroni inapozidi nanogramu 150 hadi 200 katika desilita moja, na homoni nyingine huwaonesha kama chanzo ni tezi za juu ya figo. Kisha altrasaundi au picha nyingine hufuata, ingawa uvimbe wa seli za Leydig kwa udogo wake huweza kujificha hata kwenye picha, na daktari mzoefu hamrudishi mtu nyumbani kwa sababu picha ni safi na damu si safi. Uchunguzi wa sehemu za siri ufanywe na daktari wa kike akipatikana, na asipopatikana dharura inaruhusu kwa kiasi chake, kama ilivyopangwa katika mlango wa kutazamana.

Tiba ya uvimbe ni kuutoa pamoja na ovari yake, na kwa aliyekoma hedhi mara nyingi hutolewa zote mbili. Wapo wanaouliza kama huku si kubadilisha maumbile, au kuhasi. Urwa bin Zubeir, tabiina na mmoja wa mafakihi wa Madina, alikatwa mguu uliokuwa ukioza ili mwili usalimike. Izz bin Abdis Salam (660 Hijria, 1262 Miladia) akaufanya mfano wa namna hiyo kuwa msingi, kwamba kiungo kilichoharibika hukatwa kwa kuihifadhi roho. Na Arfaja bin As'ad (R.A.) aliyepoteza pua vitani aliamriwa na Mtume (S.A.W.) ajifanyie pua ya dhahabu. Ovari yenye uvimbe ndiyo iliyobadilisha umbile la mwanamke huyu, na upasuaji unalirudisha. Nao haukuanza jana. Mwaka 1809, kabla ya dawa ya usingizi kuanza kutumika, Ephraim McDowell huko Kentucky, Marekani, alimtoa Jane Todd Crawford uvimbe wa ovari wa takriban kilo 10, na mwanamke huyo akaishi zaidi ya miaka 30 baada ya hapo.

Baada ya upasuaji homoni hushuka upesi, lakini nywele hupungua kwa miezi mingi, na sauti aghlabu hairudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo imamu atamkuta katika darsa mama aliyepona mwenye sauti nzito. Hukumu zake katika kusoma kwa sauti, katika kuwasalisha wanawake wenzake na katika kila jambo ni za mwanamke. Muda wote ambao ndevu zimebaki, na hakuziondoa, ayafikishe maji kwenye ngozi anapotawadha, kama alivyosema Nawawi. Akiziondoa kwa wembe au kwa dawa, hana la kuogopa katika hadithi ya Ibn Mas'ud.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.